Mihimili Inayoanzia Sifuri

Mwalimu stadi haanzi somo la grafu ya mihimili kwa rula. Anaanza kwa swali ambalo darasa zima lina hamu ya jibu lake: kati ya embe, ndizi, chungwa na papai, lipi linapendwa zaidi? Watoto wanaulizana, wanachora vijiti daftarini, kila cha tano kikikatiza vinne vilivyotangulia. Kundi linalopata kura 47 katika darasa la wanafunzi 45 halihitaji kuambiwa kwamba kuna aliyehesabiwa mara mbili.

Kisha karatasi yenye miraba inatolewa. Mihimili yote iwe na upana mmoja, namba zipande kwa hatua sawa. Mtu anaweza kudhani huo ni unadhifu tu, lakini jicho, la mtoto na la mkubwa pia, hupima umbo zima kabla ya kusoma namba. Mhimili ukinenepeshwa, tunda lake limeongezewa kura ambazo hakuna aliyezipiga.

Sharti kubwa kuliko yote ni kuanzia sifuri. Kilimanjaro una mita 5,895, Mlima Kenya 5,199. Mraba mmoja ukisimamia mita 500, wa kwanza unakaribia miraba 12 na wa pili unapita 10 kidogo: majirani wawili warefu. Sasa milima hiyohiyo ichorwe juu ya mstari unaoanzia 5,000. Kilimanjaro unabakiwa na mita 895 za kuchorwa, Mlima Kenya 199, na ghafla mmoja unaonekana kumzidi mwenzake zaidi ya mara nne. Hakuna namba iliyoguswa! Mtoto aliyezichora grafu zote mbili kwa mkono wake hatadanganyika kirahisi na mchoro wa gazetini.

Grafu ya mihimili iliingia vitabuni kwa sababu ya upungufu. Mskoti William Playfair, aliyewahi kumchorea mhandisi James Watt, alichapisha kitabu cha grafu za biashara London mwaka 1786. Nyingi zilifuata miaka kwa mistari. Kwa Uskoti alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, basi akachora mihimili ya biashara ya nchi hiyo na sehemu 17. Mwenyewe aliiona grafu hiyo duni kuliko zile nyingine.

Kusoma nako ni kazi. Mwaka 1987 mtafiti wa Marekani Frances Curcio alitenga ngazi tatu za kusoma grafu. Ya kwanza: embe limepata kura ngapi? Ya pili: limeizidi ndizi kwa ngapi? Hapo wengi hujibu upesi, na mwalimu mwenye haraka huishia hapo. Ngazi ya tatu ndiyo inayostahili muda: shule ikitaka kununua matunda ya mahafali, grafu hii inatosha kuamua? Mmoja atasema madarasa mengine hayakuulizwa. Mwingine atauliza kama embe lingeongoza nje ya msimu wake, na hilo halimo kwenye mchoro. Linataka kura nyingine, mwezi mwingine.