Nani Mwingine Yumo Humu?

Laptopu nyingi zinazofika kwa mafundi wa Tena zilianza kazi katika ofisi za Ulaya au Marekani. Huingia Nairobi kama mitumba, hupita maduka ya katikati ya jiji, kisha huishia huku Eastlands, jirani na Umoja na Donholm, diski imetolewa, na mwenyewe anataka awekewe Linux. Fundi anachomeka flashi na kubonyeza swichi. Muda si muda mashine inajua ina prosesa nne, na hakuna aliyeiambia. Katika yote ambayo kompyuta hufanya, hili ndilo ninalolistahi zaidi.

Walioandika Linux hawajaiona bodi hii. Waliounda bodi hawakujua itawashwa na programu gani, wala mtaa gani. Umeme unapoingia, prosesa moja tu ndiyo inayoshika kazi. Nyingine zimekaa kimya zikingoja kuitwa. Ni juu ya hiyo moja kuuliza nani mwingine yumo humu.

Inaanza kwa kutafuta maandishi. Kwenye bodi za zamani, kerneli, yaani moyo wa Linux, hupekua kumbukumbu kuanzia anwani E0000 hadi FFFFF, baiti 16 kwa 16, ikisaka herufi "RSD PTR " pamoja na nafasi tupu inayozifuata. Ikizipata, haiziamini bado. Hujumlisha baiti 20 za kwanza, na baiti ya chini ya jumla hiyo isipokuwa sifuri, huendelea na msako, kwa sababu herufi zaweza kukutana kwa bahati tu. Bodi mpya hukabidhi anwani ya herufi hizo moja kwa moja, lakini hesabu ya uhakiki ingalipo.

Kutoka hapo kerneli huongozwa hadi kwenye jedwali lenye jina APIC, sehemu ya kanuni za ACPI zilizotolewa na Intel, Microsoft na Toshiba mwaka 1996. Ndani yake kila prosesa ina namba yake, na kando ya namba kuna biti inayosema kama ipo kweli. Biti hiyo ina busara. Bodi ileile huuzwa ikiwa na chipu ndogo au kubwa, kwa hiyo mtengenezaji anaweza kuandika nafasi zote mara moja, kisha akazima zilizo tupu.

Mpangilio wa jedwali nao umefikiriwa. Chukua chipu ya i5 ya laptopu yenye viini viwili, kila kiini kikijionyesha kama prosesa mbili. Namba 0 na 1 zinaishi kiini kimoja, 2 na 3 kingine. Kanuni zinataka jedwali litaje kwanza prosesa moja ya kila kiini, ndipo lirudie za pili: 0, 2, 1, 3. Hivyo mfumo endeshi unaoruhusiwa kutumia prosesa mbili tu utapata viini viwili kamili, badala ya kubanana ndani ya kimoja. Kuna mtu aliyekaa akamfikiria mtumiaji huyo.

Kisha huja kuamsha. Ujumbe unaotumwa kwa prosesa iliyolala una nafasi ya biti 8 tu za kutaja pa kuanzia, kwa hiyo msimbo wa kuipokea lazima ukae ndani ya megabaiti ya kwanza ya kumbukumbu, hata mashine ikiwa na gigabaiti 16. Nayo prosesa huamka ikitenda kama chipu ya 8086 ya mwaka 1978, biti 16 tupu. Kipande kifupi cha msimbo huipandisha hadi biti 32, halafu 64. Kerneli huisubiri itoe dalili ya uhai hata kwa sekunde 10, muda mrefu mno kwa mashine, kisha hulinganisha saa yake na ya wenzake. Saa zikipishana, kerneli huacha kuzitegemea na kutafuta kipimo kingine cha wakati. Prosesa isipoitika kabisa, zilizobaki huendelea na kazi.

Mengi ya haya yalianzia kwa Alan Cox, mmoja wa waandishi wa kerneli, aliyekuwa Wales, na bodi ya Pentium mbili aliyonunuliwa na kampuni ya Caldera. Linux 2.0, ya Juni 1996, ndiyo toleo thabiti la kwanza lililoweza kutumia prosesa zaidi ya moja. Bodi za enzi hizo zilitaka milisekunde 10 za kungoja kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili wa kuamsha prosesa. Chipu za sasa haziuhitaji muda huo, na waandishi wa kerneli waliuondoa kwa ajili yao, kwa uangalifu, familia kwa familia. Kwa chipu za zamani waliuacha palepale.