Kifuu, Chicha na Simama Dede

Mtoto wa pwani hakufundishwa kusimama kwa amri, alifundishwa kwa mchezo. Mzazi humshika makwapani, humsimamisha juu ya jamvi, humwachia mkono mmoja kisha wa pili, huku akimhimiza: simama dede, simama dede! Miguu hutetemeka, magoti hulegea, mtoto huanguka kwa makalio, hucheka, na mchezo huanza upya. Kiswahili kimekipa kisimamo hicho cha kuyumbayumba neno lake lenyewe, dede, na mwendo wa hatua za mwanzo kikauita kwenda tete. Watu hawalitungii neno jambo wasilolithamini.

Ndani ya mchezo huo mna ufundi mzima wa kumlea mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Mzazi hamburuti mtoto wala hatembei kwa niaba yake. Humwachia afanye analoliweza, akamdaka pale tu nguvu zinapomwishia, na kadiri miguu inavyokaza ndivyo mkono wa mkubwa unavyojitenga. Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky (1896–1934) alilieleza jambo hilo kitaalamu: mtoto hukua zaidi katika nafasi iliyo kati ya anachokiweza peke yake na anachokiweza akisaidiwa. Mabibi wa Lamu na Unguja walilitenda bila kumsoma.

Kabla hata ya dede huwapo mchezo wa kanga. Mama hujifunika uso kwa pindo la kanga, hutulia kidogo, kisha huufunua ghafla. Mtoto mchanga hushangaa kila mara. Mtoto anayekaribia mwaka huanza kuivuta kanga mwenyewe, kwa kuwa amekwisha jua kwamba kisichoonekana hakijatoweka. Jean Piaget wa Uswisi aliutaja utambuzi huo kuwa hatua kubwa ya akili ya mtoto. Ulipatikana kwa pindo la nguo, bila gharama yoyote.

Darasa kuu zaidi lilikuwa uani, karibu na mbuzi ya kukunia nazi. Mtoto aliketi kando ya mama, akapewa vifuu viwili na konzi ya chicha iliyobaki baada ya tui kukamuliwa. Mtazamaji mwenye haraka angedhani anachafua sakafu tu. Kumbe chicha ikitoka kifuu kikubwa kuingia kidogo, hufurika. Ikirudishwa kikubwani, haikijazi. Hapo mtoto hukutana na ujazo kabla hajajua kuhesabu. Kifuu kikifunikwa chini huwa mlima, kikigeuzwa huwa bakuli, viwili vikigonganishwa huwa ngoma, na kimoja kikiwekwa juu ya maji huelea kama mtumbwi. Chombo kimoja kilikuwa na kazi nyingi, na kila kazi ilibuniwa na mtoto mwenyewe. Baadaye, akifikisha miaka miwili hivi, chicha iligeuka wali. Mtoto aliupakua, akaupuliza upoe, akamkaribisha mama. Mama mwenye busara aliunyoosha mkono, akajifanya anakula, akauliza kama chumvi imekolea. Kwa swali hilo alimwongezea mtoto msamiati, na kwa kuingia katika mchezo wake alimjulisha kwamba mawazo yake yana heshima.

Mwanasesere wa matambara alifanya kazi kama hiyo. Mtoto alimbembeleza na kumlaza, akimtendea kama alivyotendewa yeye. Kititia cha ukuti kilimwonyesha upepo asioweza kuushika. Na watoto wawili wa umri huo walipoketi ubavu kwa ubavu, kila mmoja na kifuu chake, bila kushirikiana, hilo halikuwa kosa. Kucheza sambamba hutangulia kucheza pamoja, na kugombea kifuu ni mwanzo wa kujifunza kupokezana.

Uhuru huo ulikuwa na mlinzi. Ukingo wa kifuu ulisuguliwa usikwaruze. Kokwa, mbegu na gololi ziliwekwa mbali, kwa kuwa mtoto wa umri huo huvipima vitu kwa mdomo. Mtoto hakuachwa peke yake na maji, hata ya ndoo moja.

Katika miaka ya 1980, shule za awali za madrasa zilizoanzia Mombasa, na baadaye kuenea Zanzibar na Uganda, ziliijenga elimu yake juu ya msingi wa namna hiyo: vifaa vya mazingira, mikono ya mtoto, na jamii iliyo karibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, uliutambua mchezo kuwa haki.

Lakini haki hiyo inanyofolewa kimyakimya majumbani. Vifuu hutupwa jalalani pamoja na makumbi, na mtoto anayelia hunyamazishwa kwa simu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Picha za simu hukimbia zenyewe. Hazimngoji mtoto, hazimdaki anapoanguka, wala hazimuulizi kama chumvi imekolea. Gari la plastiki linalolia kwa betri nalo humwachia mtoto kazi moja tu, kubonyeza.

Umaskini si sababu ya upotevu huu, maana vilivyopotea havikuuzwa dukani. Kilichopungua ni mkubwa wa kuketi chini. Udongo uwahi ungali maji: mtoto arudishiwe kifuu chake, na mzazi arudi jamvini.