Mfasiri wa Mashine na Baridi ya Mawenzi

Mwaka 2020 wachunguzi wa kampuni ya Facebook walitoa makala juu ya mtambo wao uitwao TransCoder, ambao kazi yake ni kufasiri programu za kompyuta baina ya lugha tatu za programu: C++, Java na Python. Haifai mtambo huo uachwe mikononi mwa mafundi peke yao. Umejitwalia jina la mfasiri, na jina hilo lina madai yake.

Sifa yake kubwa ni kipimo. Desturi ilikuwa kulinganisha maneno ya tafsiri ya mashine na yale ya tafsiri ya mtu, kisha kuhesabu yaliyopatana. Watungaji walionyesha upungufu wa desturi hiyo. Walikusanya mafungu 852 ya programu yenye wenziwe katika lugha nyingine, wakauliza: je, tafsiri ikiendeshwa, hutoa majibu yale yale ya asili? Vitabu vingi vilivyofasiriwa visingependa kuulizwa swali kali namna hiyo.

Walakini kipimo cha majibu hakiwezi kuwa bora kuliko mifano kinayopewa. Ichukuliwe programu ya Java itafutayo wastani wa vipimo viwili vya joto kwa namba kamili. Mjini Moshi, kwenye kimo kisichofika mita 1,000, vipimo ni 23 na 24. Jumla ni 47, na nusu yake, kipande kikikatwa, ni 23. Tafsiri ya Python, kwa alama yake ya mgawanyo wa namba kamili, hutoa 23 vile vile. Mpimaji akae Moshi mwaka mzima, hataona kosa.

Sasa apande hata uwanda ulio baina ya Kibo na Mawenzi, zaidi ya mita 4,000, ambako maji huganda usiku. Vipimo ni digrii 3 na digrii 4 chini ya sifuri. Jumla ni 7 chini ya sifuri. Java hukata kipande kwa kuelekea sifuri, ikajibu 3 chini ya sifuri. Python hushuka, ikajibu 4. Ni kosa la yule aliyesoma “saa moja asubuhi” akaiandika kwa Kiingereza kuwa saa moja: neno ni sahihi, na mgeni amekaa stendi saa sita gizani akingojea basi.

Digrii moja si jambo dogo mahali hapo. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliweka juu yake kituo cha kupimia hali ya hewa. Orodha za namna hiyo zikikadiriwa kwa programu iliyofasiriwa hivyo, kila jumla ya witiri iliyo chini ya sifuri ingeshushwa, na mlima ungeonekana umepoa mwaka ule ule programu ilipobadilishwa lugha.

Yamkini atajibu mtu kwamba dawa ni kuongeza mifano ya baridi. Ni kweli, lakini ajuaye kwamba mifano hiyo yahitajiwa ni yule anayezijua lugha zote mbili, yaani mfasiri mwenyewe. Chombo cha zamani zaidi, 2to3, kilichotoka pamoja na Python 3.0 mwaka 2008, kilikuwa na adabu katika jambo hili. Alama ya mgawanyo ilikuwa imebadilika maana, nacho hakikuweza kutambua namba zilikuwa za aina gani. Basi hakikuigusa, kikamwachia mtu. TransCoder haina mazoea ya kunyamaza. Huandika jibu daima, na huliandika kwa mwandiko mzuri.

Tafsiri za namna hii zikitolewa, itajwe pamoja nazo ni mifano gani iliyotumiwa kuzijaribu, na kama miongoni mwake imo hata mmoja ulio chini ya sifuri.