Lenzi Pana Katika Boma Jembamba

Watu wengi hutamani lenzi pana kwa sababu isiyoihusu. Wameona picha ya ufuo wa Diani au ya tambarare za Mara, mbingu imejaa mawingu na upeo haukomi, wakasema hicho ndicho kifaa cha likizo. Kisha Disemba inafika. Wanapanda gari la Migori, wanashuka Suneka katika Kaunti ya Kisii, wanaingia bomani kwao, na upeo wenyewe hawauoni. Kuna migomba ya baba mdogo, kuna choo kipya cha jirani, kuna mabati ya nyumba tatu yanayokaribia kugusana.

Sensa ya 2019 iliikuta Kaunti ya Kisii na zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba. Mpiga picha huihisi hesabu hiyo mgongoni. Anarudi hatua moja ili shangazi aingie kwenye fremu, anagusa ua. Anarudi ya pili, yumo ndani ya majani ya nepia ya ng'ombe. Ya tatu ingemtupa kwenye mteremko. Mahali ambapo mtu anaweza kurudi nyuma hadi achoke ni kwenye kiwanja cha ndege cha Suneka, na sijasikia familia iliyokula Krismasi pale.

Kwa hiyo nadai kwamba lenzi pana ni ya Gusii, yaani huku Kisii, kuliko ilivyo ya Mara. Kule Mara unaweza kuipata nyika yote kwa lenzi yoyote, mradi una miguu ya kurudi nyuma. Huku ndiko inakohitajika lenzi ya mtu asiye na pa kurudi. Ufundi wake, ninaotaka kuusifu hapa, ni ufundi wa kusogea karibu na bado ukawapata wote.

Aliyelijua hilo mapema ni Josef Koudelka, Mcheki aliyesomea uhandisi wa ndege kabla ya kujitoa kabisa kwa kamera. Katika miaka ya 1960 alikuwa akiingia kwenye makazi ya Waroma huko Slovakia na kamera ya Exakta yenye lenzi ya milimita 25 iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki. Vyumba vilikuwa vidogo, mwanga haba, watu wengi. Lenzi ya kawaida ingemkatia kichwa kimoja kimoja. Ile ilimpa watu pamoja na kitanda chao, ukuta wao, na picha zilizotundikwa kwenye ukuta huo. Zilipooneshwa Prague mwaka 1967, watazamaji waliona vyumba vya watu, hawakuona nyuso peke yake. Mtu yule angeingizwa kwenye sebule ya Suneka siku ya Krismasi, watoto wamekaa sakafuni, wazee wamebanana kwenye makochi yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, angejua mara moja asimame wapi.

Tuje kwenye namba, maana dukani ndizo zinazotuchanganya. Kamera nyingi za bei ya wastani zinazouzwa kwetu, za Canon na Nikon, zina sensa, yaani kipande kinachopokea mwanga, ndogo kuliko kipande cha filamu ya zamani. Sensa ndogo hukata kingo za picha. Kwa Canon unazidisha kwa 1.6, kwa Nikon 1.5, ndipo ujue lenzi yako ingekuwa na upana gani kwenye filamu. Ile 18–55 inayokuja na kamera inaanzia, kwa Canon, karibu na milimita 29 za filamu. Ili kuupata upana wa Koudelka unahitaji kama 16, na 18–55 haifiki huko hata uizungushe kwa nguvu kiasi gani. Ukienda hadi milimita 10, pembe inafunguka kutoka nyuzi 74 hadi 107. Tofauti ya milimita nane kwenye karatasi ni binamu wanne sebuleni.

Zamani upana wa namna hiyo ulikuwa wa matajiri, na si kwa uchoyo wa wauzaji pekee. Ndani ya kamera ya kioo kuna kioo kinachoruka juu kila unapobonyeza, nacho kinahitaji nafasi. Lenzi fupi, ile ya milimita chache, kwa asili yake inataka kukaa karibu kabisa na filamu, pale pale kioo kinapoishi. Mwaka 1950 Mfaransa Pierre Angénieux alitoa lenzi ya milimita 35 iliyokuwa na kioo cha kutawanya miale mbele yake, hivyo ikaweza kukaa mbali na filamu na bado ikaona kwa upana. Njia ile ndiyo iliyofuatwa na lenzi pana za kamera hizi tangu hapo. Lakini gharama yake ni vioo vingi, vya mbele vikubwa, na pembe za picha zinazokataa kutulia bila vioo vya mkunjo maalumu ambavyo kuvisaga kulikuwa kazi ya siku nyingi. Viwanda vilipojifunza kuvifinyanga vioo hivyo kwa kalibu, bei ikaanza kushuka.

Mwaka 2014 Canon ikatoa 10–18 kwa dola 299, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama shilingi 26,000. Ina gramu 240. Nikon ikafuata mwaka 2017 na 10–20 yake ya gramu 230. Zote mbili zina kitako cha plastiki, na wapiga picha wa harusi wenye majivuno hukicheka kitako hicho. Waache wacheke. Anayebeba kamera shingoni kuanzia kuchinja mbuzi asubuhi hadi chai ya usiku atazishukuru gramu ambazo hazikutiwa humo.

Kasoro ya kweli ya lenzi hizi ni nyingine: tundu lao ni dogo. Linaanzia f/4.5, na kwenye sebule yenye dirisha moja hiyo ni njaa ya mwanga. Ila lenzi pana ina subira kuliko lenzi ndefu, mtikisiko wa mkono hauonekani upesi, na zote mbili zina kitulizo ndani. Kwa 1/20 ya sekunde nyanya aliyekaa kimya hutoka safi. Mtoto hatatoka safi, na sijui mtoto gani wa Disemba hutoka safi. Anayepiga ibada za usiku kanisani ana haki ya kutafuta Tokina 11–16 ya f/2.8, ambayo ni nzito mara mbili na zaidi, lakini haifungi macho kukiwa na giza. Wa likizo haihitaji.

Sasa mitego. Kuna kioo cha kuskurubu mbele ya 18–55, kimeandikwa 0.43x, kinauzwa rahisi kwa ahadi ya upana wa papo hapo. Hutoa upana, ndiyo, pamoja na ukungu unaoanza kwenye bega la mtu wa pembeni na kumla hadi kiunoni. Vile vya kubana kwenye simu ni ndugu zake. Kuna pia ile lenzi nyembamba ya Canon ya milimita 24, ya gramu 125, nzuri na ya bei ya chini, ambayo mtu huinunua kwa kuwa amesikia 24 ni pana. Ni pana kwenye filamu. Kwenye kamera yake ndogo inageuka kuwa 38, yaani pungufu ya upana alioacha nyumbani.

Na si kila lenzi hukubali kila kamera. Kwa Canon tazama alama kwenye kitako: mraba mweupe ni wa kamera zenye sensa ndogo, nukta nyekundu huingia kwenye hizo na kwenye zenye sensa kubwa. Ukiwa na kamera ya sensa kubwa, mraba mweupe haukuhusu. Kwa Nikon, zile zilizoandikwa AF-P hazitalenga zenyewe kwenye miili ya zamani kama D90 na D3000, na muuzaji wa barabara ya Luthuli jijini Nairobi hana wajibu wa kukukumbusha. Beba kamera yako dukani, ivishe lenzi, piga picha ya ukuta wenye mistari, ikuze kwenye kioo, tazama pembe zote nne.

Ukinunua iliyotumika, beba tochi. Fungua tundu lote, washa tochi upande mmoja, chungulia upande wa pili. Vumbi kidogo si kitu. Unachotafuta ni nyuzi nyembamba zilizojisambaza ndani ya kioo, maana hizo ni kuvu, na kuvu hupenda nchi kama yetu. Kisii iko juu, karibu mita 1,700, na mvua haimalizi mwezi bila kupita. Lenzi iliyolala kabatini Suneka ndani ya mkoba wa ngozi tangu Pasaka ina hatari kuliko iliyozungushwa na vumbi la Nairobi mwaka mzima. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo watu huvitupa, viweke kwenye mkoba wa kamera.

Lenzi ikishapatikana, ndipo ufundi unaanza, na hapa ndipo ninapowavulia kofia wapiga picha wetu wa vijijini, wale wanaotembea boma hadi boma msimu wa sikukuu. Wengi wao hawajawahi kufundishwa darasani, lakini wanaijua kanuni moja: kwenye lenzi pana, aliye karibu ndiye mkubwa. Hatua moja mbele inamwongezea mtu kimo. Hatua mbili nyuma zinamfanya mtoto. Lenzi ndefu huwasawazisha watu. Lenzi pana huwapanga.

Katika familia ya Kigusii hilo si jambo la macho tu. Kijana aliyekuja na gari jipya kutoka Nairobi atataka kusimama mbele, mkono kwenye boneti. Mpiga picha mjuzi hatamgombeza. Atamwomba kwa heshima amshikie nyanya kiti, nyanya akae mbele, hatua moja na nusu kutoka kwenye lenzi, kisha mwenye gari abaki pale pale nyuma ya kiti alichokishika. Picha ikitoka, mkubwa ni yule anayestahili, na gari limekuwa doa dogo la rangi ya fedha karibu na mgomba. Hakuna aliyekosewa adabu. Kazi kama hiyo wazee huifanya kwa saa nzima kikaoni, na huyu ameimaliza kwa kusogeza kiti.

Anajua pia kwamba pembeni ni mahali pa hatari. Lenzi hii huvuta vitu vya kingoni kuelekea nje. Kichwa huwa yai, mkono huwa mwiko. Shangazi mwenye mwili wake ukimweka ukingoni, usitegemee chai. Kingo huachiwa mlango, mgomba, mbuzi aliyefungwa, mtoto mwembamba asiyejali. Na kamera hushikwa wima sawasawa, kwenye usawa wa kifua cha waliokaa, kwa maana ukiinamisha kidogo tu kuta zinaanza kulala. Ndiyo sababu utamwona amepiga magoti kwenye matope na suruali yake nzuri. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, sauti yake haisikiki tena, na inabidi awapange watu ishirini kwa vidole na nyusi. Nimeona likifanyika kwa dakika chache, bila mtu kukasirika.

Mandhari? Ukipanda ukingo wa Manga, upande wa Nyamira, na kuutazama mji wa Kisii na vilima vinavyofuatana nyuma yake, iache lenzi pana mfukoni. Itakigeuza kilima kichuguu na kukupa mbingu tupu. Tumia 18–55 yako ikiwa imefika 55, simamisha kamera, piga nne au tano mfululizo zikipandana kidogo, uziunganishe kwenye simu. Haigharimu kitu.

Mji wa Tabaka ni habari nyingine. Kwenye machimbo yake ya mawe laini, ambako wanaume huchimba na kuchonga na wanawake hulainisha kwa msasa na maji, lenzi ya 10–18 inalenga hadi sentimita 22. Unaweza kukaribia mkono unaochonga kiboko hadi uone unga kwenye kucha, na shimo lote jeupe na waridi likabaki nyuma yake, safi, kwa tundu la f/8. Omba ruhusa, nunua kiboko. Na usibadilishe lenzi pale chini, kwa sababu unga ule ni laini kama wa kupaka watoto na huingia kila mahali panapozunguka.

Kuna atakayesema simu yake ina jicho la upana, na kweli simu nyingi sasa zinalo. Mchana wa jua, tumia hilo, pesa yako ibaki. Lakini katika simu za bei nafuu jicho hilo ndilo dhaifu kuliko yote, na sebule ya saa kumi na mbili jioni hulishinda: nyuso hutoka zimepakwa rangi ya maji. Mwenye simu peke yake awatoe watu nje kabla jua halijazama, asinunue kitu.

Mwenye kamera tayari, na ambaye kwao ni Gusii, achukue 10–18 au 10–20 iliyotumika, aikague kwa tochi, aachane na mfuko wa bei na taa na miguu mitatu. Fedha itakayobaki aende nayo mjini Kisii kabla ya mwaka mpya akachapishe picha za karatasi, moja kwa kila nyumba iliyomo kwenye boma, kwa sababu simu za likizo huibwa na kuvunjika, na nyanya hana WhatsApp.