Bao la Kiswahili na Vita vya Kompyuta: Suala la Utendaji
Mchezo wa ubaoni wa 1991, The Great Battles of Alexander, uliingizwa katika kompyuta mwaka 1997. Mashine ikakokotoa mapigano, mchezaji akabaki kutoa amri. Bao la Kiswahili, lichezwalo Malindi na Kilifi, likihamishwa vivyo hivyo hupoteza nini? Mashimo 32, kete 64, kanuni za namua na mtaji: vyote huhamishika. Kisichohamishika ni mkono unaogawa kete shimo kwa shimo, na jicho la mpinzani linaloufuata. Bao halina dadu. Kila kete iliyoliwa ina wa kulaumiwa. Programu inapogawa yenyewe, vita hubaki, ushahidi hutoweka. Hivyo, mhakiki wa fasihi simulizi hana budi kuchunguza utendaji, si kanuni pekee.