Picha za Mahuta, mkasi wa Lubumbashi

Mwaka 1906 kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa kuchimba shaba ya Katanga, Kongo. Mwaka huohuo Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alishuka Lindi na kupanda Uwanda wa Makonde kupitia Masasi na Newala hadi Mahuta, eneo ambalo leo liko katika wilaya ya Tandahimba. Moto wa Vita vya Maji Maji ulikuwa haujapoa. Wapagazi wake walibeba kamera, fonografu ya kunasa sauti na mashine ya kupigia filamu. Wanawake wenye ndonya, yaani pambo la mdomo wa juu, wacheza ngoma na watu wa kawaida wa Kimakonde, Kiyao na Kimakua wakaingia kwenye picha zilizosafirishwa Ujerumani, na nyingine zikachapishwa katika kitabu chake cha mwaka 1908.

Katanga nako wapiga picha wa kampuni walikuwa kazini: wachimbaji wakiwa wamesimama safu kwa safu, mabosi wa Kibelgiji, majengo, mitambo. Baada ya uhuru wa Kongo kampuni ilitaifishwa ikawa Gécamines, na picha zikabaki makabatini. Aliyekuja kuzitoa humo ni Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kuanzia sanaa kwa kuchora katuni.

Namna alivyozitumia inastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua, maana ndiyo iliyomtoa msanii chipukizi asiyejulikana hadi kwenye kuta za matamasha makubwa. Katika mfululizo uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, Baloji alianza kwa kupiga picha za rangi, pana sana, za viwanda vya Gécamines vilivyochakaa: mabati yenye kutu, udongo mwekundu, mitambo iliyokufa. Kisha akachukua watu wa zamani, wale wa nyeusi na nyeupe, akawakata kutoka kwenye mandhari yao na kuwasimamisha ndani ya magofu hayo. Hakuwapaka rangi wafanane na mazingira mapya. Ukingo wa mkato unaonekana, na tofauti ya rangi imeachwa wazi kwa makusudi. Mtazamaji anawaona wenye jasho na matokeo ya jasho lao kwa pamoja, bila kuhitaji maelezo marefu ubavuni.

Mwaka 2007 kazi yake ilipelekwa Bamako, kwenye tamasha la picha la Afrika lililoanza mwaka 1994, na akarudi na tuzo mbili. Wapiga picha wengi wanaoanza hutuma kwa majaji picha nzuri zisizo na udugu: jua likizama, mtoto akicheka, mzee na kinyago. Kila moja inapendeza, lakini zikiwekwa pamoja hazisemi kitu. Mémoire ilikuwa na wazo moja linaloonekana tangu picha ya kwanza, na kila inayofuata ikaliongezea uzito. Jambo hilo linapatikana kwa kufikiri, na bei ya kamera haina nafasi kubwa humo.

Baloji hakuishia kwenye tuzo. Mwaka 2008, pamoja na wenzake akiwemo mwandishi Patrick Mudekereza, alianzisha kituo kiitwacho Picha mjini Lubumbashi, na kikazaa tamasha la picha na video ambalo sasa ni Biennale ya Lubumbashi. Vijana wakapata jukwaa mjini kwao, pamoja na warsha za kufundishana kazi. Hapo ndipo tamasha linapopimwa. Usiku wa ufunguzi wenye hotuba na vinywaji hupita. Warsha inayomkalisha kijana miezi kadhaa na mkusanyo wake ndiyo inayobadilisha kazi. Kampala wamelielewa hilo pia: Uganda Press Photo Award, iliyoanza mwaka 2012, imeambatanisha mashindano na malezi ya wapiga picha wachanga. Na Pamela Tulizo wa Goma, aliyepitia Market Photo Workshop ya Johannesburg, alishinda tuzo ya Dior ya vipaji vichanga mwaka 2020 kwa mfululizo kuhusu wanawake wa mji wake.

Kazi ya Baloji iliyo karibu zaidi na Tandahimba, hata hivyo, ni Congo Far West. Katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alikuta picha za François Michel na michoro ya rangi za maji ya Léon Dardenne, zote kutoka msafara wa Charles Lemaire uliopita Katanga kati ya 1898 na 1900. Michel alipiga watu kama vielelezo. Dardenne alichora mandhari tulivu ya kuvutia. Baloji akawaweka watu wa Michel juu ya mandhari ya Dardenne, na utulivu ule ukaumbuka papo hapo. Msafara wa Weule ni wa aina ileile: mtaalamu, wapagazi, kamera, kisha safari ya kurudi Ulaya na shehena. Kijana wa Mahuta au Newala mwenye simu anaweza kusimama leo palepale aliposimama Mjerumani yule, akapiga mandhari ya sasa, akawaweka humo watu wa picha za Weule na kuzichapa kwa maonyesho.

Simu inatosha, lakini hesabu yake ijulikane. Picha ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa 3,000. Ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inafika takriban sentimita 34 kwa 25, saizi ya kushikwa mkononi. Ikichapwa kwa nukta 100 inafika mita moja kwa sentimita 76, na mtu aliyesimama hatua mbili kutoka ukutani ataiona safi. Tatizo kubwa liko kwenye kutuma. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi hupunguzwa hadi pikseli 1,600 upande mrefu, na kwa nukta 100 haizidi sentimita 41. Itumwe kama dokumenti, ifike nzima. Kwa picha za kutundikwa nje, karakana zinazochapa mabango ya kampeni zina mashine na turubai za kutosha, ila rangi hupauka juani, hivyo ukuta wenye kivuli cha mchana kutwa ni bora kuliko ule wa barabarani.

Mahali pa kuonyeshea pia papo. Msimu wa korosho, wakulima wanapokusanyika kwenye maghala ya vyama vya msingi na kungoja minada, watazamaji hujileta wenyewe kwa wingi ambao kumbi nyingi za mjini haziupati.

Kuna jambo moja ambalo Baloji hakukabiliana nalo kwa namna hii kwenye picha za viwandani. Weule alifuatilia unyago na jando, na baadhi ya alivyoviona si vya macho ya kila mtu hadi leo. Kwa hiyo kabla ya picha yake hata moja kukuzwa, nakala ndogo zipelekwe kwa makungwi na wazee wa uwandani, wao waseme ipi itundikwe ghalani, ipi ionyeshwe kwa waliopita jandoni au unyagoni tu, na ipi isikuzwe kabisa. Kikao hicho kitachukua muda mrefu kuliko uchapaji, na ratiba ya maonyesho ipangwe kukizunguka.