Kitunguu Saumu Hupimwa Shingoni

Wanunuzi wengi huchagua kitunguu saumu kwa ukubwa na weupe, na hivyo ndivyo vigezo dhaifu kuliko vyote. Ukubwa huletwa hata na maji na mbolea, na weupe ni sura ya ganda tu. Anayetaka kukijua aanze na shingo, pale majani yalipoungana na tunguu, kwa sababu hapo ndipo panapoonekana kundi lake, ukomavu wake na jinsi kilivyokaushwa.

Makundi makuu ni mawili. Chenye shingo ngumu hupitiwa katikati na bua la ua, gumu kama kijiti, nazo punje zake, chache na nene, hulizunguka bua hilo. Chenye shingo laini kwa kawaida hakina bua. Shingo yake ni majani matupu yanayoweza kusukwa, na punje hufika 20 au zaidi, zimepangana tabaka kwa tabaka, pana nje na nyembamba ndani. Wapishi wa Ulaya na Amerika Kaskazini huvisifu vya shingo ngumu, hasa jamii ya Rocambole, kwamba ndivyo vyenye ladha nzito. Sibishani nao kuhusu ladha. Lakini Rocambole huanza kunywea baada ya miezi michache ghalani, wakati cha shingo laini kilichokaushwa vizuri hukaa miezi 9 au zaidi. Tena shingo ngumu hudai baridi kali ya kipupwe, kisha mchana mrefu wa kiangazi cha kaskazini. Kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, hivyo mbegu yake huelekea kuishia kwenye majani, au tunguu la punje moja. Shingo laini nayo hutaka ubaridi, ila wa kiasi, na ndiyo maana zao hili limestawi nyanda za juu kama Mbulu, mkoani Manyara, wala si pwani. Basi ubora haupimwi nje ya mahali.

Ukomavu nao umeandikwa kwenye majani, kwani kila jani chini yake huwa ganda moja la tunguu. Anayesubiri yote yakauke hukuta maganda yameozea udongoni na punje zimeachana; anayewahi mno hupata tunguu changa lisilohifadhika. Wakati wa kuvuna ni pale majani ya chini, kama theluthi hadi nusu, yamekauka na ya juu bado mabichi. Baada ya hapo ni kivuli na upepo kwa wiki 2 hadi 4, kwa kuwa jua kali hugeuza punje kuwa za manjano na kulainika. Ibane shingo kwa kidole gumba na cha shahada: ikiteleza ndani, bado ina maji, na gunia zima liko hatarini kuota ukungu.

Mtu atasema sokoni shingo huwa imekatwa. Kweli, lakini kisiki chake hubaki, na punje zipo. Bonyeza kila upande. Palipobonyea pameoza au pamekauka. Pasua punje moja: chipukizi la kijani likiwa limejaa katikati, kimezeeka na kitakuwa na uchungu. Usitegemee pua, maana harufu kali huzaliwa pale punje inapopondwa na kimeng'enya chake kukutana na kemikali ya aliini, ikapatikana alisini, yenye harufu hiyo. Kitunguu kinachonuka kikiwa kizima mara nyingi kimechubuka.

Wengine hutetea vile vyeupe vikubwa kutoka China, nchi inayozalisha kama robo tatu ya vitunguu saumu vya dunia. Ni haki yao: humenyeka upesi, na mpishi wa karamu ana sababu ya kuvipenda. Ila vingi hukaa kwenye chumba cha baridi, na vikitolewa huharakisha kuchipua, kwa hiyo navyo vipasuliwe kwanza. Anayenunua mbegu awe mkali zaidi. Achague punje kubwa za nje kutoka shamba analolijua, kwa sababu ugonjwa wa uozo mweupe ukishaingia ardhini unaweza kukaa humo zaidi ya miaka 20.